Mgeni Rasmi wa Magomeni

Erasto aliiona bahati yake ukutani, imeandikwa kwa rangi nyekundu na mkono wa dalali wa mnada: NYUMBA HII INAUZWA KWA AMRI YA BENKI. Mtu mwingine angepunguza mwendo, akawapa pole wenyewe kimoyomoyo, akapita. Erasto alisimama katikati ya njia pale Magomeni ya Mtwara, akatupa jicho nyumba ya jirani, kisha ile ya ng'ambo, akaona rangi ni ileile. Akatabasamu kama mtu aliyechelewa karamuni akakuta sinia bado halijaguswa.

Hapa inabidi tujiseme wenyewe, maana bila ujinga wetu Erasto angekufa njaa. Habari za gesi zilipovuma, kila mwenye kiwanja Mtwara alikimbilia benki kukopa ajenge vyumba vya wageni. Tuliambiana wataalamu wanakuja kwa maelfu na watataka pa kulala. Tukaweka feni, tukaweka mapazia, na mimi nikaweka sinki la rangi ya waridi, fundi akaniambia wazungu wanalipenda. Wataalamu walikuja wachache, wakalala Shangani kwenye upepo wa bahari, kisha wakaondoka zao. Vyumbani kwangu sasa wanalala bata, na sinki kweli wanalipenda. Mikopo ndiyo iliyokataa kuondoka.

Erasto alikuwa ametoka Masasi kwa haraka. Huko alikuwa amewauzia watu miche ya mikorosho inayozaa baada ya miezi mitatu, na mwezi wa tatu ulikuwa unakaribia. Alishuka na begi moja la ngozi lenye akiba yake yote ya ujanja wa miaka, kwa sababu pesa za kwenye simu hakuziamini. Alisema siku hizi matapeli wamezidi.

Kesho yake alinunua suti ya mtumba sokoni Chikongola, akatengenezesha kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, akawa Afisa Mwandamizi wa Mpango wa Taifa wa Kuokoa Nyumba za Wananchi. Mpango huo aliubuni akiwa ananyolewa ndevu. Lakini Erasto hakuwa mvivu. Aliingia benki akajifanya mdaiwa, akauliza mtu afanye nini nyumba yake isiuzwe. Akaambiwa kwamba anayewahi kabla ya mnada na kulipa sehemu ya malimbikizo anaweza kuomba apangiwe upya marejesho. Neno hilo alilihifadhi vizuri. Alijua uongo hauchemki bila kipande cha kweli ndani yake.

Nyumba aliyoianza ilikuwa ya Bi Mwanaisha, mjane aliyeweka rehani nyumba ya marehemu mumewe ili ajenge vyumba vya uani. Mnada wake ulikuwa Jumamosi ya wiki ile. Ukipita ungemkuta barazani anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na usingejua kuwa vyombo vyake vya ndani vimeshafungwa kwenye mashuka, tayari kwenda kwa kaka yake Nanyamba, ambaye mkewe hapendi wageni wa zaidi ya siku mbili. Mama yule alikuwa na hofu, na alikuwa na haya ya kuionyesha.

Erasto alimwamkia kwa heshima zote, akala ming'oko, akasifu, akaeleza mpango. Serikali italipa malimbikizo yote. Mwananchi anachotoa ni ada ndogo ya uchunguzi, kisha anakwenda benki kupangiwa upya marejesho. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa familia, ana mke na watoto wanne, na uchungu wa nyumba anaujua. Hakuwa na mke wala mtoto, ila aliona mtu mwenye suti bila familia anatia shaka.

Bi Mwanaisha alitoa ada. Sote tulitoa. Mimi niliuza bata.

Kilichomponza Erasto ni kwamba hakujua amejikabidhi kwa nani. Bi Mwanaisha alikuwa mwenyekiti wa kamati za harusi za Magomeni tangu enzi za kadi zinazoandikwa kwa mkono. Kuna mtu aliwahi kuhamia Newala kukwepa mchango wake, naye akamfuata Newala. Jioni ile alikwenda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Mohamedi, akamuuliza kama kuna afisa aliyepita ofisini kwake kujitambulisha.

"Hakuna ntu aliyepita," alisema mzee. "Kwani alikuuliza posho?"

"Hakuuliza. Wala hakuuliza chakula cha mchana kitatoka kwa nani."

"Basi huyo si wa serikali," alisema Mzee Mohamedi, na akainuka akavae viatu aende polisi.

Bi Mwanaisha alimrudisha kitini. Akamweleza kwamba polisi watamkamata, sawa, na begi lake alimotia ada zetu litakuwa kidhibiti. Kidhibiti hakitoki mpaka kesi iishe, na kesi haitaisha kabla ya Jumamosi. Yeye hakutaka kumfunga mtu. Alitaka kulala kwake. Na asubuhi yake, badala ya kulia, alikwenda benki kuuliza kama lile neno la kupangiwa upya ni la kweli. Lilikuwa la kweli. Katika yote aliyosema Erasto, hilo moja lilikuwa na miguu, na lilihitaji pesa tu.

Basi akampelekea Erasto ujumbe mtamu. Kwamba kuna wenye nyumba wengine wengi wanaotaka kulipa ada, ila wanaomba kumwona hadharani Alhamisi alasiri, na wananchi wamependekeza awe mgeni rasmi.

Hayo maneno mawili ndiyo yaliyommaliza. Erasto alikuwa ameitwa mambo mengi maishani, mengine mahakamani, lakini mgeni rasmi hakuwahi kuitwa. Alikubali kabla ujumbe haujaisha. Alipanga apokee ada, apungie watu mkono, apande basi la jioni la Dar. Kwa hiyo alikuja na begi.

Tulimpokea kwa ngoma uani kwa Bi Mwanaisha. Mgambo wawili walimsindikiza hadi meza kuu, kisha wakasimama kila mmoja upande wake, kwa heshima. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Alivishwa shada. Mshereheshaji alikuwa Kassimu, yule wa harusi, ambaye akishika kipaza sauti hata marehemu anachanga. Bi Mwanaisha akasoma risala. Akaishukuru serikali kwa kumleta mtu huyu, akasema wananchi hawataki kubebwa, wameanzisha mfuko wao wa kuokoa nyumba, na kwa desturi, mfuko hufunguliwa na mgeni rasmi.

Sasa, mtu wa mahali pengine angeweza kushtuka. Kwetu hakuna cha kushtuka. Mgeni rasmi haji kukalia kiti bure. Erasto alijua desturi hiyo, na aliona laki moja ni chambo kizuri cha kuvutia ada za wale wengi. Akaitoa kwa madaha. Vigelegele vikapigwa.

"Hiyo ni yake mwenyewe," alisema Kassimu kwenye kipaza sauti. "Mheshimiwa hakuja peke yake. Mama watoto yuko nyumbani anasema na mimi nimo."

Erasto akamtolea mke asiyekuwepo. Wakaja watoto, mmoja mmoja, na Kassimu akawaulizia majina ili wapigiwe makofi. Erasto akabuni majina manne, na kila jina likamtoka na noti. Kitinda mimba alimpunguzia kidogo, akina mama wakaguna, ikabidi aongeze. Baada ya familia wakaja marafiki waliomtuma salamu, kisha wakwe. Jasho lilikuwa linapita chini ya shada. Mimi nilikuwa kiti cha mbele na, Mungu anisamehe, nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, maana nilianza kuwaona bata wangu wakirudi.

"Sasa tunakuja kwenye ofisi," alisema Kassimu.

Erasto alilitazama lango. Mgambo wa kulia akamtengenezea shada lililoteleza. Erasto akasema ofisi ina taratibu zake, fedha za umma hazitolewi mkutanini. Mzee Mohamedi akainuka taratibu na simu mkononi.

"Ni kweli kabisa, mwanangu. Basi nipe namba ya mkubwa wako nimpigie hapa hapa, wananchi wamshukuru kwa sauti."

Erasto alimtazama mzee, akamtazama Bi Mwanaisha. Bi Mwanaisha alikuwa amekwisha kulisogelea begi na kushika mshikio mmoja, kwa upole, kama anayemsaidia mgeni mzigo. Hapo Erasto alielewa yote. Akaachia mshikio wa pili. Ngoma ikalia, na mgeni rasmi, kwa kuwa picha ilikuwa inapigwa, akatabasamu.

Ada zetu zilirudi mikononi mwetu palepale, na kilichobaki kilikuwa akiba yake ya miaka. Hatukuuliza ilitoka kwa nani. Sisi si watakatifu, na wa Masasi watusamehe. Kwa desturi tulimzawadia jogoo, na kwa kuwa basi la jioni linataka nauli na jogoo si nauli, Erasto alilala katika kimoja cha vyumba vya uani vya Bi Mwanaisha. Alikuwa mgeni wa kwanza kulala humo kwa muda mrefu. Alisema feni inafanya kazi vizuri.

Ijumaa asubuhi Bi Mwanaisha alimchukua waende benki, abebe begi. Malimbikizo, yake na yetu, yakalipwa sehemu, marejesho yakapangwa upya, mnada wa Jumamosi ukasitishwa. Binti wa dirishani, aliyeitwa Upendo, alifurahi kuona mteja anayejua haki zake, akamuuliza nani aliyemshauri.

"Huyu hapa," alisema Bi Mwanaisha. "Mtu wa serikali."

Walipotoka nje alisimama kwenye ngazi, akajifuta macho kwa upindo wa khanga, na hakuona haya tena. Erasto alisimama pembeni na begi tupu na jogoo kwapani. Alikohoa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kazi ilikuwa nzito, kwamba ametumia siku nzima, na kama mama ataona inafaa, basi hata posho kidogo.

Bi Mwanaisha alimtazama toka shada lililonyauka hadi viatu, akafungua pindo la khanga, akamtolea nauli.

"Ungeanza na hilo siku ile barazani," alimwambia, "sote tungekuamini mpaka leo."