Senene Wasio na Mama

Jumatatu, 16 Novemba 1987

Leo heshima imeingia Muleba. Protase, dereva wa lori la kahawa, alipiga honi mbele ya kibanja changu cha migomba akasema Bwana Kanubhai ananitaka dukani kwake Bukoba keshokutwa. Makao makuu! Namshonea sare za shule tangu vita vya Uganda viishe. Kitambaa kinakuja kwa lori, sare zinarudi kwa lori, uso wangu hajawahi kuuona. Majirani wanasema mimi nashona kaptura. Si kweli. Mimi ni tawi.

Protase akaongeza, huku akiangalia matairi, kwamba Kanubhai anachagua msimamizi wa mafundi wote wa majumbani, na kwamba kazi ya mbali huenda ikakatwa. Wa mbali ni mimi peke yangu. Ikikatwa, hapa kuna midomo minne: Datius wangu na watatu wa marehemu dada yangu Celina. Sikushtuka. Nilikaa chini kidogo tu.

Mpinzani: Georgina wa Ijuganyondo. Mishono yake hufumuka mtoto akipiga chafya. Lakini anaishi karibu, kila mara yuko pale dukani kusalimia.

Mkakati: senene, panzi wetu watamu wa kukaanga. Msimu ndio huu. Nani amewahi kukataa senene?

Jumanne, 17 Novemba

Watoto wa Celina wamenyonyoa mabawa asubuhi nzima, hata yule mdogo. Datius hakunyonyoa, ana akili nyingi. Nimekaanga mwenyewe. Kopo la maziwa ya unga limejaa hadi mdomoni.

Njiani niliwaeleza abiria kuwa Datius ni wa tatu darasani. Mzee mmoja akauliza, wa tatu kati ya wangapi? Watu wengine hawakulelewa.

Nalala Rwamishenye, hapa Bukoba, kwa Asha, tuliyesoma naye. Akauliza senene ni wa nani. Nikasema wa Kanubhai. Alicheka mpaka akashika mlango. Eti shoga, umesahau mila? Kwetu mwanamke humpelekea senene mumewe, na mume humtolea nguo! Nikamwambia aache ushamba, hii ni kazi. Isitoshe, nguo Kanubhai anazo duka zima.

Jumatano, 18 Novemba

Siku ya ushindi. Naiandika kwa utaratibu.

Georgina alikuwa amefika kabla yangu na kikapu cha nyanya. Nyanya! Nikamhurumia.

Nilipiga magoti, nikatoa kopo kwa mikono miwili. Kanubhai aliangalia kopo, akaangalia wateja, akarudi nyuma hadi kwenye mashuka. Kazaliwa hapa, Kihaya na mila anavijua kuliko Georgina. Georgina naye akapaza sauti: "Haya, Bwana Kanu! Mama Datius kakuletea senene. Toa nguo, bwana harusi!" Duka zima likacheka. Muhidini, fundi wa barazani, aliacha kukanyaga cherehani ili acheke vizuri.

Ndipo akatoka Gangaben, mama yake Kanubhai, bibi mzee mfupi wa sari nyeupe, aliyekwisha kupeleka nyanya za Georgina jikoni. Akafunua kopo. Akafunika, taratibu, kama mtu anayemfungia mgeni mlango. Akasema nyumbani kwao hawali kitu chochote chenye mama. Akaniuliza, hawa hawakuwa na mama?

Swali zuri. Nilijibu kweli tupu: senene wanashuka na mvua, wengine husema wanatokea Uganda, mama zao hakuna anayewajua. Na hata watoto waliowanyonyoa hawana mama, watatu, mama yao kaondoka na ugonjwa huu wetu wa kukondesha, sasa mama yao ni mimi na cherehani.

Bibi akaliweka kopo mezani. Akauliza mdogo ana umri gani. Nikasema bado ananyonya kidole.

Kanubhai alianza kusema habari za umbali na mafuta ya lori. Gangaben akamwambia neno moja la Kihindi. Mtu mzima yule akaacha mafuta ya lori, akashusha jora la kaki na kumwambia Muhidini alipeleke kwenye lori la Muleba. Wateja waliona nguo inatoka, wakapiga vigelegele! Kanubhai akaingia stoo, hakutoka tena. Akiwa humo humo alitangaza msimamizi ni Georgina.

Georgina apewe. Usimamizi ni kusimama tu. Mimi nina jora, na nimeahidiwa jingine la kushona kila mwezi. Kopo nimerudishiwa likiwa na senene wote. Asha amekula nusu, bado anacheka.

Jumamosi, 21 Novemba

Nyumbani. Nimewaambia majirani makao makuu yamenipokea kwa vigelegele. Watoto wamemaliza senene. Yule mdogo amelala juu ya jora, sikumwamsha, nimekata kitambaa kumzunguka.

Nimefikiri sana. Senene ndio waliookoa tawi, hilo halina ubishi. Usimamizi ulinikwepa kwa kosa dogo tu, na kosa lenyewe bibi alinionyesha kwa mdomo wake: familia ile ni ya watu wa heshima, hawali kitu ambacho mama yake hajulikani.

Kwa hiyo Jumatatu Protase atampelekea Gangaben jogoo wangu mwekundu, mnene, amefungwa miguu kwa kipande cha kaki. Nimemwagiza aseme vizuri, mbele ya Georgina, kwamba mama yake jogoo huyu namjua mimi mwenyewe, na kama bibi ana shaka, nitamleta naye.