Alama Nne za Yesid

Jumatatu, 16 Septemba

Wiki ya urafiki imeanza. Tumechota majina kwenye kofia. Kila mtu ni rafiki wa siri wa yule aliyemchota: atamwekea kitu kitamu dawatini kila siku, Ijumaa tufichuane. Nimemchota nani? Norbey! Yule mgeni kutoka mji wa Cali anayemganda Yesid, rafiki yangu tangu chekechea. Na gari aina ya jipu la mjomba wake Yesid lina nafasi moja tu ya kwenda shambani likizo ya Oktoba. Mimi au Norbey. Yesid anasema bado anafikiria. Anafikiria nini?! Nimeanzisha daftari la kupima marafiki. Alama kumi.

Dawatini kwangu: kashata ya mapera, imefungwa kwa jani kavu. Sipendi mapera. Nimempachikia Norbey. Zawadi ya bure! Nina akili mpaka najiogopa.

Jumanne, 17 Septemba

Kashata ya mapera tena. Rafiki yangu wa siri ni bahili wa kutupwa. Nikaihamishia kwa Norbey. Yesid amecheka mzaha wa Norbey mpaka akashika mbavu. Wangu ulikuwa mzuri zaidi, akatabasamu tu. Yesid: alama nne.

Jumatano, 18 Septemba

Kashata! Nimeanza kushuku. Nikachora msalaba mdogo kwenye jani, nikampelekea Norbey.

Alhamisi, 19 Septemba

Msalaba umerudi dawatini kwangu!

Nimewaza kipindi kizima cha hesabu. Jibu ni moja. Norbey, asiye na shukrani, anatupa zawadi zangu. Yesid anaziokota na kuniletea kwa siri, kwa mapenzi. Kumi juu ya kumi! Nikamrudishia Norbey kashata yake.

Ili kuhakikisha, nikajifanya naumwa tumbo, nikarudishwa nyumbani. Nani atakuja kunijulia hali? Amekuja Norbey na kazi ya nyumbani. Amekunywa chokoleti yetu ya moto, akala na jibini lote tunalotumbukiza kikombeni kama kawaida ya kwetu. Akasema pole sana ndugu yangu, usipokuja kesho patapooza. Mnafiki. Nimemkata alama tatu. Yesid hakuja. Bila shaka alizidiwa na huzuni.

Ijumaa, 20 Septemba

Aibu! Rafiki yangu wa siri ni Norbey. Kainua kashata mbele ya darasa, akasema jamani, hii nimeipeleka na kuipokea wiki nzima, sasa ni kama mtoto wa nyumbani. Hata yeye hapendi mapera! Msalaba aliuona, akadhani rafiki yake wa siri ni mlokole. Darasa likaangua kicheko.

Nikainuka kujitetea. Daftari likaanguka. Yesid akaliokota, akalisoma polepole. Akauliza, yaani tangu chekechea kumbe unanisahihisha kama mtihani? Akasema jipu atapanda Norbey.

Nimelia chooni. Sikulia kidogo.

Jumamosi, 21 Septemba

Norbey kapiga hodi asubuhi. Kamwambia Yesid hapandi jipu bila mimi, na kwamba wembamba wawili wanaenea kiti kimoja. Yesid kakubali. Katuma niambiwe kwamba mimi ni zumbukuku, ila ni zumbukuku wake.

Nimefurahi mno! Nimemkumbatia Norbey mlangoni, mama akishuhudia. Sitamsahau maisha yangu yote.

Norbey: alama tisa. Moja nimeikata kwa sababu alikuja na ile kashata. Yesid nimemrudisha kwenye nne, mpaka nione nani atakaa dirishani.

Daftari jipya lina kufuli.