Mashine ya Kukatia na Mgeni wa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Nimepigwa na butwaa. Nimefika karakana ya sare asubuhi, meza yangu ya kukatia imesukumwa ukutani. Mahali pake kuna mashine. Ya umeme. Ina kisu kinachopanda na kushuka kama kimepandwa na wazimu. Bosi anasema inakata rundo zima la mashati kwa mkupuo. Mkasi wangu unakata shati moja, lakini kwa heshima. Dada Vifungo, ambaye kazi yake ni kushona vifungo pale dirishani, akaomba aijaribu. Sikuamini. Yule hata pasi huwa anaiogopa. Wenzangu wakampigia makofi. Nimeapa mashine hii haitadumu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeuficha waya wa mashine ndani ya suruali. Mpango safi kabisa. Sikufikiria uzito wa plagi. Nilipoinama kuokota chaki, ikachomoka mguuni na kunifuata sakafuni kama mkia. Dada Vifungo akaniuliza, kwa upole wote, kama chaji imejaa. Karakana nzima ikaangua kicheko. Bosi hakucheka. Amesema fundi wa mashine atakaa nasi mpaka tuizoee, na asiyetaka kujifunza atabadilishiwa kazi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewaza upya. Dawa ni fundi mwenyewe. Ni mtu wa makamo, mpole, anakula mkate mkavu peke yake mlangoni. Nikimvuta upande wangu, atamwambia Bosi kwamba umeme wetu hauifai mashine ile. Nimemwalika nyumbani.

Mama akapika. Tangu Baba afariki, Mama haongei mezani. Leo fundi amesimulia jinsi mashine moja ilivyomkata tai mbele ya wateja, naye akaendelea kuwaeleza jinsi ilivyo salama. Mama akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Nilishtuka. Nilikuwa nimeisahau sauti ya kicheko chake. Dalili njema kwangu: fundi ameshajisikia nyumbani.

Ijumaa, 14 Machi
Fundi amekuja tena, kama jana na juzi. Siku hizi hata simwaliki. Amelitengeneza bomba la jikoni. Mama amevaa gauni la bluu ambalo nilidhani alishaligawa. Nilipomnong'oneza fundi habari za umeme, akanipigapiga bega na kusema tutaona, mwanangu. Mwanangu! Mtu huyu nimeshamtia mfukoni.

Jumapili, 23 Machi
Mama aliniambia nikae. Akasema fundi amemposa, naye amekubali. Nikauliza fundi yupi. Chumbani alikuwemo mmoja tu, ameketi kwenye kiti cha Baba, anaangalia viatu vyake.

Nikasema mbona haraka hivi. Mama akanishika mkono.

“Nimekaa kimya miaka yote hii nikidhani maisha yangu yameishia hapo,” akasema. “Kumbe bado. Na aliyemleta ni wewe, mwanangu.”

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na bado anatabasamu. Nikawapongeza. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Fundi akainuka kunikumbatia, nami nikabaki nimesimama kama mwiko ndani ya sufuria.

Jumatatu, 24 Machi
Pigo juu ya pigo. Dada Vifungo ndiye mkuu mpya wa kukata. Vifungo nimepewa mimi. Nimekaa dirishani, nimejichoma sindano mpaka vidole vimevimba. Nimemsihi fundi, baba yangu wa kambo mtarajiwa, anitetee kwa Bosi. Akajibu kwamba mashine ni nzima na umeme ni mzuri, ila yuko tayari kunifundisha kila jioni, bila mtu kujua. Nimekataa. Mwanamume ana msimamo wake.

Hata hivyo, sijakata tamaa. Mama mdogo, mdogo wake Mama, anakuja Jumamosi kusaidia maandalizi ya harusi. Yeye naye ni mjane, mchangamfu, na kwa mapishi anampita Mama. Bosi huishi peke yake na kila siku analalamikia chakula cha hotelini. Nimemwalika. Akishashiba, nitamweleza taratibu habari za ile mashine.

Safari hii sioni pa kuharibikia.