Windows 11 ya Calvince

Jumatatu, 3 Machi

Yawa! Mwalimu Lornah amevuka barabara! Lornah ambaye huchapa mitihani yake kwangu tangu nifungue saiba yangu ya intaneti na uchapaji hapa Nyamasaria. Lornah ambaye najiandaa kumwambia nampenda. Leo amepita mlangoni pangu akaingia saiba ya Calvince, ng'ambo ya pili. Ati mtandao wa shule yao unakataa kompyuta yangu, unataka Windows 11. Na Calvince amebandika karatasi mlangoni kwamba anayo. Calvince! Juzi tu alikuwa anauza vocha.

Jumanne, 4 Machi

Sili, silali. Wivu? Wivu gani! Huu ni uchunguzi. Nimejifunza kwenye simu: unafungua kidirisha cheusi cha amri, unaandika ver, unabonyeza Enter, kompyuta inataja toleo lake. Nimejaribu yangu. Imesema 6.1, yaani Windows 7. Nimezima haraka kabla mteja hajaona. Sasa ngoja ya Calvince.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeingia kwake, nikajifanya nataka kusoma barua pepe. Lornah alikuwepo, na Mama Dorca muuza dagaa wa omena akingoja kuskaniwa kitambulisho. Nikaandika ver. Kumi! Version 10! Nimepiga kelele mpaka watu wa bodaboda wakaingia. Mlangoni kumi na moja, ndani kumi! Tapeli! Nikamwambia Lornah ainuke turudi kwetu. Mama Dorca akauliza kwani tulioana lini.

Calvince hakukasirika. Hiyo ndiyo imeniuma zaidi. Alieleza polepole kwamba Windows 11 nayo hujiita 10, uangalie nambari inayofuata: ikianzia 22000 kwenda juu, hiyo ni 11. Yake ilikuwa 22631. Mama Dorca aliisoma kwa sauti, watu wa bodaboda wote wakasikia. Lornah aliinamia mtihani wake, mabega yakitikisika. Halafu Calvince akasema atakuja kunitengenezea mashine bure. Bure! Nimekataa. Hata soda aliyoninunulia nimeiacha. Nusu.

Jumamosi, 8 Machi

Kumbe watu wanataka nambari tu. Haya. Nimeita mchoraji, ameandika ukutani kwa rangi nyekundu: HAPA TUNA WINDOWS 12, YA KWANZA KISUMU. Hata wanaotengeneza Windows hawajafika hapo! Kompyuta ni ile ile, lakini nimeipangusa vumbi.

Lornah amesimama mbele ya ukuta wangu. Anapiga picha! Anacheka mpaka anashika mlango. Nilijua tu moyo wake uko huku. Sasa anamwita Calvince aje asome. Aje, asome vizuri! Nimevaa shati la kanisani. Leo namwambia.