Robo Yangu ya Nyumba ya Likizo

Ndugu Wakili,

Pole na kazi. Mimi ni fundi bomba, yule wa nne kutia sahihi kwenye hati uliyotuandikia tuliponunua nyumba ya likizo nje ya nchi, mimi na rafiki zangu watatu wa tangu shule: Mwalimu, Kinyozi na yule nesi tunayemwita Dada Mkuu. Hati inasema kila mmoja ana robo, sawa kwa sawa. Naleta malalamiko kwa heshima zote, ingawa roho inaniuma.

1. Huu mwaka wa tatu sijaalikwa likizo. Huwa naitwa. Wao huambiana twendeni tukapumzike. Mimi huambiwa njoo na spana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nalipewa mlangoni, na nyumba ni yangu!

2. Nasikia dirisha la sebuleni linatazama ziwa. Siwezi kuthibitisha. Ninachokijua vizuri ni upande wa chini wa sinki la jikoni. Nati yake nimeifunga mara nne kwa mkono huu wenye uzoefu wa miaka ishirini, na haimalizi miezi mitatu. Makubwa haya.

3. Kwenye picha waliyotundika ukumbini na kunitumia kwa simu, wao watatu wanacheka, na pembeni chini imetokeza miguu yangu kutoka chini ya sinki. Mke wangu aliitambua kwa soksi. Akaniuliza kama hao kweli ni rafiki zangu. Nikajifanya natafuta miwani, Wakili.

4. Afisa wa mpakani aliniuliza nasafiri kwa shughuli gani. Nikasema mapumziko. Akafungua mkoba, akakuta spana mbili na bomba la futi tatu, akaniangalia weee, kisha akaandika "kazi". Hata mtu asiyenijua!

Kwa hiyo naomba nyumba ikatwe vipande vinne. Robo yangu naichagua mwenyewe: choo, bafu na lile sinki. Iletwe hapa kwangu, nitaipanga nyuma ya karakana. Wenzangu wabaki na ziwa lao, wakaoge humo.

Ikishindikana kisheria, basi niongezewe kipengele: siku saba kila mwaka, ni marufuku mtu yeyote kunitajia maji, hata ya kunywa.

Nisalimie karani wako, mama mzazi na watoto. Wale watatu wakipita ofisini, wasalimie pia, ila usiwachekee sana.

Mimi mwenye robo,
Fundi

Tanbihi: Tafadhali ichane barua hii. Dada Mkuu kapiga simu sasa hivi, sinki linavuja tena na wote watatu wananingoja. Mkoba niliufunga tangu juzi. Na kwa kuwa wewe ni mtunza siri, nikwambie ambalo hata mke wangu hajui: ile nati huwa nailegeza mwenyewe kabla ya kuondoka. Sinki likipona kabisa, wataniita kwa lipi?