Mama wa Dakika Nne

Jumatatu, Februari 3

Hili sijamwambia mtu: nimeanza kuisahau sauti ya mama. Miaka saba tangu tumzike. Uso naukumbuka. Sauti inaponyoka.

Ndiyo maana nimekuja huku ughaibuni kwa shangazi na redio kaseti yake, nimeiviringisha kwenye sweta, ingawa shangazi alinionya nisimletee mikweche. Ndani kuna kanda moja. Mama anajirekodi akiijaribu redio siku aliyoinunua.

Sehemu ya betri ililiwa na kutu zamani. Basi leo, shangazi akiwa jikoni, nikachomeka ukutani. Mama akatoka na sauti ya mzee mwenye mafua! Nzito, inajikokota kama inavuta gunia. Shangazi akaja mbio, kandambili mkononi, akitaka kujua ni mwanamume gani aliyemo chumbani. Akachungulia mpaka uvunguni. Nikasema ni tumbo langu linanguruma. Kaamini! Kanipa dawa ya minyoo.

Jumanne, Februari 4

Binti wa shangazi, tunayemwita Profesa kwa kujua kila kitu, katamka mezani bila kuulizwa kwamba umeme wa huku ni volti 120, nusu ya kwetu. Eti hata mtoto wa chekechea anajua. Redio imeandikwa 240 mgongoni.

Haya, Profesa. Nami hesabu nilipata A. Mia na ishirini mara mbili ni ngapi? Na chumba changu kina soketi mbili!

Jumatano, Februari 5

Waya mmoja, plagi mbili, nikazichomeka kwenye soketi zote mbili. Pwaa! Cheche, moshi, friji kimya. Huko bafuni kikausha nywele cha Profesa kikafa, naye kichwa nusu kimelowa. Shangazi akaamua mkosaji ni hicho kikausha nywele. Akafoka kuwa urembo utatuchoma tukiwa hai.

Nilipaswa kusema. Nikausukuma waya uvunguni. Profesa akasusa chakula, nikala na sehemu yake.

Redio ni nzima, na kanda pia. Nimeibusu.

Alhamisi, Februari 6

Nanyoosha mashati kwenye duka la udobi la shangazi. Ng'ambo ya barabara kuna fundi redio. Nilipita mlangoni kwake mara nne nikijizoeza sentensi moja. Mara ya tano akatoka mwenyewe, akauliza, binti, umepoteza nini. Nikajibu: mama. Sikukusudia! Akanivutia kigoda. Nikaeleza yote, nikiangalia viatu vyake.

Kaniazima transfoma ya kupandisha umeme wa 120 uwe 240, nzito kama tofali. Mimi nitamnyooshea suti ya harusi ya bintiye. Kaonya: redio isichomekwe tena ukutani moja kwa moja. Mota ikiungua, ya aina ile haipatikani tena. Nikaapa.

Ijumaa, Februari 7

Ni yeye! Sauti nyembamba, ya mbiombio, kicheko kimekaa pembeni. Anahesabu moja mbili tatu, anaimba vibaya, kisha ananiona mimi, kitoto kinachotambaa: "Wewe! Toa mkono kwenye umeme! Husikii?" Anacheka, anaurudia wimbo. Kwisha.

Shangazi kafika mlangoni na kandambili yake. Akasema wifi yangu huyo, jamani, akaketi kitandani. Hata Profesa akaja kuketi sakafuni. Nikakiri habari ya plagi mbili. Shangazi akaniita balaa lenye cheti, kisha akaomba turudie kanda.

Jumamosi, Februari 8

Nimesikiliza mara kumi na moja. Tatizo ni kwamba mama anaongea haraka mno. Dakika nne, keshaondoka. Kwa umeme wa ukutani angekaa nane.

Wenyeji wangu wameenda sokoni. Nimeichomoa transfoma, redio nimeichomeka ukutani moja kwa moja. Mara moja tu.

Mzee wa mafua karudi. Neno moja, pumzi, neno jingine. Hana haraka ya kwenda popote. "Tooooa... mkooooono..." Nimelala sakafuni, sikio kwenye spika. Naam, mama. Nasikia.

Kuna harufu kama ya shati lililosahauliwa chini ya pasi. Labda ni kwa jirani.

Wewe uliyefika mpaka hapa, tafadhali, fundi asijue. Wala shangazi. Zimebaki dakika tatu.