Jinsi Nilivyouacha Uuguzi

Jumatatu, 11 Novemba 1996. Bangwe, Kigoma

Imetosha! Leo nimeamua. Mimi, Leodgar, mzaliwa wa Mahenge, muuguzi daraja B wa zahanati hii, naacha uuguzi. Sababu ninazo. Tangu asubuhi nimetapikiwa na mtoto, nimetukanwa na mzee mwenye hofu ya sindano, na Mama Skolastika, muuguzi mkuu wetu, kaniambia mbele ya foleni nzima kwamba shuka nimetandika kama mtu anayefunika mihogo isipigwe na jua. Foleni ikacheka. Hata yule mzee alicheka, na sindano ikiwa bado mwilini mwake.

Mchana akapita Benedict. Tulianza naye chuo cha uuguzi siku moja. Aliona jipu likipasuliwa, akaanguka kifudifudi, akafungasha virago, akaacha chuo. Leo je? Ofisa mapokezi wa Shirika! Anapokea wakimbizi wanaovuka ziwa kutoka Zaire. Ana kizibao cha buluu chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia, jina lake limedariziwa kifuani kwa herufi kubwa, na kiunoni redio ya upepo inayokoroma muda wote. Akasema ndani yake kwa sauti nzito: "Kigoma, Kigoma, nakupata." Wasichana wote barazani wakageuka.

Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la matapishi. Hakuna aliyegeukia upande wangu.

Nani kati yetu kachagua kazi vibaya? Swali la kitoto. Mashirika yanaajiri hata anayejua kupiga chafya kwa Kiingereza. Zamu yangu imefika.

Jumanne, 12 Novemba

Mpango wa kwanza: mfasiri. Nina Kifaransa. Padre mmoja alinifundisha nilipokuwa nikitumikia altareni, na mengi bado yamo kichwani, ingawa hayakai kwa mpangilio.

Nilikwenda kituo cha mapokezi nikiwa nimevaa tai. Mkuu wa Shirika ni mama Mzungu, mrefu, mjini wanamwita Mama Mlingoti. Alifurahi kuniona. Akaniambia nimuulize mzee mmoja aliyeshuka kwenye boti asubuhi hiyo ametoka wapi na kama kuna mgonjwa katika familia yake.

Nikakohoa. Nikasema Kifaransa kirefu, chenye sauti nyingi za puani. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono kwa huruma.

"Mutoto wangu," akasema, "sema tu Kiswahili. Hiyo ingine inakuumiza."

Umati mzima ukaangua kicheko! Nilijua fika kwamba watu wa ng'ambo ya ziwa wanasema Kiswahili. Tumaini langu lilikuwa kwamba Mama Mlingoti hajui. Anajua. Tena alinieleza hivyo kwa Kiswahili, fasaha kuliko Kifaransa changu.

Nilichelewa kurudi kazini. Mguuni mwa yule mzee palikuwa na kidonda kibaya kilichofungwa kwa kipande cha gunia. Nikakisafisha. Ningefanyaje? Kilikuwa kinanitazama. Kimekuwa kizuri sana, chekundu, safi kama mdomo wa mtoto. Lakini hayo hayahusiani na jambo letu.

Alhamisi, 14 Novemba

Mungu yupo! Benedict ana malaria.

Kaletwa zahanati akitetemeka mpaka kitanda kikatembea. Nimemtundikia dripu ya kwinini mwenyewe, na nasema bila majivuno kwamba mshipa niliupata mara ya kwanza, naye akiwa amefumba macho na kuita mama yake. Kumbe alitakiwa kesho kwenda kijiji cha Mwamgongo kwa boti kuwachukua wakimbizi waliotua kule. Analia kwamba hakuna wa kumshikia nafasi.

Nikamwambia, kama rafiki, kwamba yupo. Nikamwambia pia kwamba mgonjwa wa malaria akiinuka mapema hupoteza nywele. Hilo la pili si kweli. Akaniachia kizibao na redio papo hapo.

Mama Skolastika kaniruhusu, tena kwa upesi ulionitia shaka. Kisha kanitwisha mfuko wa kuzalishia. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba nakwenda kama ofisa. Akasema, "Nenda kama askofu ukitaka, mwanangu. Mfuko utakwenda."

Kizibao kinanibana makwapani. Kioo lakini kimenikubali.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika nikiwa Mwamgongo. Nianze mwanzo.

Jana tuliondoka Kibirizi asubuhi. Nahodha ni Hamdani, mtu wa Ujiji, mzee mkimya aliyelijua ziwa kabla sijajua kutembea. Mfuko wa kuzalishia niliuficha chini ya turubai. Unaharibu sura ya ofisa. Redio nikaishika. Raha iliyoje! Niliwaarifu Kigoma kwamba tumeondoka. Nikawaarifu kwamba tunaendelea. Nikawaarifu kwamba mawingu yapo ila si mengi. Sauti ya huko ikaniomba niseme pale tu panapokuwa na jambo.

Karibu na Gombe tukapishana na boti iliyojaa wanawake wa dagaa. Nikasimama. Ofisa akipishana na umma husimama. Nikainua redio juu wapate kuiona vizuri. Wimbi likapiga ubavuni.

Redio ilinitoka mkononi, ikazama ikikoroma. Wanasema ziwa letu lina kina kirefu kuliko karibu maziwa yote ya dunia. Halikuwa na sababu ya kuwa hivyo jana.

Hamdani akatazama mapovu mpaka yakaisha. Halafu akauliza, taratibu, "Sasa mkubwa, utaongea na nani?"

Kufika Mwamgongo, nikaona wanawake wanakimbia ufukweni, wanapita juu ya dagaa walioanikwa. Nikadhani ni mapokezi. Nikatoa kifua. Wakanivuta mkono mpaka kibandani. Ndani alikuwa Agnesi, mkimbizi kutoka Baraka, ng'ambo. Amevuka ziwa na mimba ya kutimia, mume wamepotezana njiani, na uchungu ulikuwa umemkamata. Mama mmoja mwenyeji akakiona kizibao changu akapiga kelele: mwenye redio kaja! Piga, mkubwa, iite boti ya hospitali!

Nikapapasa kiunoni. Hapakuwa na kitu.

Nilitamani kutoka mbio. Nilitoka mbio kweli, lakini miguu ikanipeleka kwenye boti kuchukua mfuko.

Mtoto alikuja upesi, wa kiume, akilia kama mwenye madai. Kondo la nyuma likafuata. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikaanza kuvua glavu, nikitafuta maneno ya hotuba. Ndipo nikaiona damu. Ilitoka bila haraka na bila kusimama. Nikaweka mkono tumboni. Tumbo la uzazi lilikuwa laini kama unga wa maandazi uliozidi maji, halijui kwamba kazi imekwisha.

Hapo sikukumbuka kizibao. Sikukumbuka redio. Kigoma ilikuwa mbali, na damu haisubiri boti.

Nikamchoma sindano ya kukaza mji wa mimba. Nikamweka mtoto kwenye titi anyonye, maana kunyonya nako huamsha tumbo. Nikamsaidia Agnesi kutoa mkojo. Kisha nikasugua. Nikasugua na kusugua, nikizungumza na lile tumbo kama mtu anayembembeleza punda mlimani. Midomo ya Agnesi ilikuwa imegeuka kijivu.

"Muganga," akasema, "usinidanganye. Nakufa?"

"Hufi."

"Umejuaje?"

"Sijakuruhusu."

Akacheka kidogo. Mtu anayecheka hajaondoka. Nikaendelea mpaka mabega yakawaka moto. Na mara, chini ya kiganja, likakaza! Gumu, la duara, kama embe bichi. Damu ikapungua. Ikasimama. Nilipima mapigo yake ya moyo tena na tena, si kwa shaka, bali kwa utamu wa kuyasikia yakirudi.

Nikatoka nje nikaketi kwenye mchanga. Hamdani akaniletea chai. Aliniuliza ninachekea nini. Sikuwa najua kwamba nacheka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe, na nimetafakari tangu jana sababu yake ni nini.

Nadhani ni kizibao.

Jumapili, 17 Novemba

Tumewafikisha wote Kigoma salama, Agnesi amelazwa kwenye hema la wazazi la Shirika, rangi imemrudia, anakula. Nimemkagua mara kadhaa. Si kazi yangu, ila nilikuwa napita.

Jambo moja dogo. Kabla hatujaondoka Mwamgongo, Agnesi alitaka kumpa mtoto jina la mtu aliyemwokoa. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu kungoja. Mwalimu mmoja wa pale akasoma kifuani kwangu kwa sauti. Vigelegele vikapigwa.

Mtoto anaitwa Benedict.

Jumatatu, 18 Novemba

Mji mzima unamsifu Benedict! Sokoni Benedict, bandarini Benedict. Amepona, nywele zote zipo, anatembea katikati ya sifa kama bwana harusi. Nilimuuliza kwa nini hakusema kweli. Akajibu kwamba hakupewa nafasi, watu walikuwa wanamshika mikono yote miwili.

Kisha likaja kubwa zaidi. Mama Mlingoti kampandisha cheo. Kuanzia Jumatano yeye ni msimamizi wa hema la wazazi. Nilipomkumbusha lile jipu la chuoni aliniambia kwamba msimamizi husimamia, hashiki. Nikamtazama machoni. Kulikuwa na hofu mle, lakini kulikuwa pia na hamu ya cheo, na hamu ilikuwa imekaa mbele.

Sikula chakula cha jioni. Dunia hii haina haki.

Jumatano, 20 Novemba

Haki ipo! Tena ina miguu!

Asubuhi Benedict aliingia hemani na kalamu mbili mfukoni. Mama mmoja akajifungua palepale, vizuri tu, bila shida. Benedict akaona. Benedict akalala. Alianguka juu ya meza ya chai ya wageni, na wageni walikuwepo. Wakamwagia maji, akafumbua macho, akaona kondo kwenye bakuli, akarudi alikotoka.

Mama Mlingoti akataka kujua ilikuwaje shujaa wa Mwamgongo aanguke hivyo. Ndipo Agnesi akainuka kitandani, mtoto kifuani, akasema mbele ya watu wote kwamba huyu aliyelala chini hamjui. Muganga wake ni mwingine, mfupi, kizibao kinambana makwapani, na anazungumza na tumbo.

Nikaitwa. Nilifika nikiwa na Mama Skolastika, aliyesema anakuja kuona nisijitie aibu. Mama Mlingoti akaniuliza habari ya redio. Nikamwambia iko ziwani. Akaniuliza upande gani. Nikamwambia upande wa chini. Akacheka mpaka akashika nguzo ya hema, akatangaza kwamba redio hununuliwa, mama hanunuliwi. Watu wakapiga makofi. Kwangu! Kwa jina langu! Agnesi akasema mtoto sasa ataitwa Benedict Leodgar, maana la kwanza limeshazoea.

Kisha Mama Mlingoti akanipa nichague. Shirika liniazime kutoka zahanati kama muuguzi kiongozi wa hema la wazazi, au nichukue kazi ya zamani ya Benedict: ofisa mapokezi, meza, kiti chenye magurudumu, redio mpya. Benedict mwenyewe anapelekwa ghala la mablanketi, na alilia kwa furaha aliposikia kwamba blanketi halina mishipa.

Mama Skolastika akaninong'oneza, "Mwanangu, fikiri. Ulikuwa na uso gani uliporudi Mwamgongo?"

Nikafikiri. Haikuchukua muda. Nikachagua meza.

Mama Skolastika akafumba macho kama mtu anayeumwa jino.

Jumanne, 26 Novemba

Ushindi! Ushindi mtupu! Wiki yangu ya kwanza ya uofisa inakwenda, na sasa naweza kuandika kwa uhakika kwamba kila nililosema kuhusu uuguzi lilikuwa kweli. Mtu akichagua kazi inayomfaa, huamka kabla ya jogoo. Mimi naamka kabla ya jogoo. Huimba njiani. Naimba. Jana dada mmoja wa Kibirizi alinisalimu "Mwakeye" kwa Kiha nami nikamjibu kwa wimbo.

Ni kazi nzuri, ya heshima, ya kichwa. Leo kwa mfano: asubuhi nilipita hema la wazazi, kama ofisa, kukagua. Palikuwa na mtoto aliyekuja akitanguliza matako. Nikaona vema, kama ofisa, nimpokee. Si ndiyo maana ya mapokezi? Akatoka salama, mama akaniita baba. Baadaye nikakagua kitanda cha pili, cha tatu, nikamfundisha Agnesi namna ya kumcheulisha mtoto, nikatandika shuka zote upya maana zilinikera. Mama Skolastika alipita, akaziangalia shuka, hakutaja mihogo. Akaniangalia mimi, akatikisa kichwa, akacheka peke yake njia nzima. Wivu.

Kiti chenye magurudumu ni kizuri sana, nasikia. Benedict anakuja kukikalia mchana kwa sababu ghalani kuna vumbi, na redio anaijibu yeye.

Uuguzi! Miaka yote ile nimeipoteza! Naapa sitaurudia hata kwa kubembelezwa. Sasa nalala. Lazima niwahi ofisini kabla hakujapambazuka, kuna mama wa mapacha.